Palizi Makaburini

Kila Ijumaa asubuhi Mwalimu Machibya aliwapeleka wanafunzi wa darasa la tano kuchora katika makaburi ya zamani ya mjini Bariadi. Huko walichora misalaba, wakataja majina ya ndege na miti, wakasoma habari za watu waliosahaulika zamani.

Nyanjige alikuwa mtoto wa shamba, na mkono wake haukuvumilia magugu. Siku moja alitaka msalaba wenye nakshi uonekane vizuri, basi akang'oa majani yote yaliyouzunguka, akayatupa mbali. Mwalimu akaisifu picha yake.

Ijumaa iliyofuata walimkuta Mama Malimi, muuza karanga wa stendi, akizunguka palepale.

"Mwangaluka, mayu," Nyanjige alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

Mama aliendelea kukagua ardhi. "Mwanangu mchanga nilimzika hapa. Sikuwa na saruji, nikapanda maua mekundu yenye mizizi kama vitunguu, yawe alama. Yako wapi?"

Karibu nao fundi Shija alikuwa akipima kwa kamba. Tajiri mmoja, katika wale walioanza kununua pamba biashara hiyo iliporuhusiwa kwa watu binafsi, alitaka kaburi la baba yake lizungushiwe ukuta mpana.

"Mama, hapa pako wazi," fundi alisema. "Kesho tunachimba msingi."

Nyanjige akakumbuka majani aliyoyang'oa. Akinyamaza, nani atajua? Lakini yule mama alikuwa akipapasa udongo kwa viganja, na Nyanjige hakuweza kuvumilia.

"Ni mimi, mayu. Niliyang'oa. Nilidhani ni magugu."

Mama Malimi akaketi chini akalia.

"Basi tuonyeshe kaburi lilipo," fundi alimwambia Nyanjige.

Maskini, hakuweza! Ardhi ilikuwa tupu kila upande. Mwalimu naye hakuwa na la kufanya, ila kumsihi fundi asubiri mvua, huenda vitunguu vya maua yale vimebaki chini na vitachipua. Fundi akakubali shingo upande.

Wiki zikapita. Kila asubuhi Nyanjige alipita pale, akatazama vumbi, akaondoka na huzuni yake. Maji yakimwagika hayazoleki, wenzake walimwambia. Angefanya nini?

Mvua ya kwanza ikanyesha. Siku chache baadaye akakuta vichwa vyekundu vya maua vimetoboa udongo, vimezunguka mahali padogo pa kumtosha mtoto mchanga. Mbio hadi stendi kumwita Mama Malimi!

Fundi Shija alisogeza kamba yake mbali na maua. Mama Malimi alipiga magoti, kisha akamshika Nyanjige mkono.

"Ulikosea kung'oa bila kuuliza," alisema. "Lakini ungenyamaza siku ile, mwanangu, ningefiwa mara ya pili."