Mwaloni wa Pacha

Foleni ya benki ilikuwa imefika mlangoni, na nesi mmoja aliyevaa sare nyeupe alikuwa katikati yake, amekumbatia chungu chenye mti.

"Dada, huyo naye anafungua akaunti?" akauliza kinyozi aliyesimama nyuma yake.

"Anasubiri mtu mwenye adabu ambebe."

Akaubeba. Ulikuwa mwaloni mdogo, mfupi kuliko mkono wake. Pacha wa nesi ndiye aliyeuotesha kwa mbegu mwaka ule ule aliofariki, na hakuacha kitu kingine. Kinyozi aliposikia hivyo aliacha mzaha, na nadhani hapo ndipo alipopendwa.

Miezi sita baadaye nesi akapelekwa masomoni miezi mitatu, akamwachia kinyozi mti.

"Mti ukae nje, hata baridi ikiuma," akamwagiza. "Usiumwagilie mpaka udongo wa juu ukauke. Kitu kikikushinda nipigie, laazizi."

Wiki ya pili majani yakawa kahawia, yakapukutika yote. Kinyozi moyo ukampasuka. Akauingiza mti chumbani, karibu na jiko, akaumwagilia asubuhi na jioni.

"Mpenzi, mwaloni wangu hajambo?" nesi akauliza kwenye simu.

"Hajambo. Ananenepa kunishinda mimi."

"Muongo wewe!" Akacheka.

Kila jioni ikawa hivyo hivyo. Mwanamume mzima, anaogopa kusema neno moja!

Nesi alirudi na gauni la bluu alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Kinyozi alikuwa amechana nywele, pete iko mfukoni. Hakuwahi kuitoa. Nesi alishapiga magoti mbele ya chungu, akaukwangua mti kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa peusi, na udongo ulinuka uvundo.

"Majani yalianguka lini?"

"Wiki ya pili. Nilijua nimeuua, nikaogopa kukwambia."

"Huanguka kila mwaka, mpenzi. Baridi ikija mti unapumzika tu. Ungeniambia ningekucheka, yangeisha." Machozi yakamtiririka. "Mti nimekusamehe. Lakini nilikuuliza jioni ngapi? Na jioni ngapi mti ulikuwa bado mzima?"

Kinyozi akaishika pete mfukoni.

"Leo nilitaka kukuposa," akasema.

"Najua. Dada yako alinidokeza juzi." Akachukua mkoba wake. "Nilimwambia nitakubali."

Akashuka ngazi taratibu, na kinyozi akamsikiliza mpaka mlango wa chini ulipofungwa.