Ghorofa ya Nne, Siku ya Kumi na Mbili

Stoo ilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya majokofu. Haikuwa na dirisha. Kocha alisukuma komeo, akatandaza karatasi juu ya jokofu bovu, akaigonga kwa kidole.

"Ndege moja, hoteli moja," alisema. "Ndiyo sheria ya nchi ile siku hizi. Mkishuka tu, basi linawazoa wote hadi hotelini, kila mtu anafungiwa chumbani siku kumi na nne. Hakuna kutoka, hakuna mgeni. Chakula unawekewa kwenye kiti nje ya mlango. Na Sonara anapanda ndege yetu."

Sonara alikuwa mfanyabiashara wa vito. Alisafiri na mkoba mmoja mdogo, na mkoba huo haukubanduka mkononi mwake.

"Hata chooni anaingia nao," Kocha alisema. "Lakini siku ya kumi na mbili wanashushwa chini mmoja mmoja kupimwa puani. Hakuna kubeba kitu, hata simu. Mkoba utabaki kwenye sefu ya chumbani. Dakika kumi na moja, basi."

Walikuwa wanne. Kocha, kichwa cha kundi. Dereva, aliyekuwa ametangulia ng'ambo miezi mitatu na kupata kazi ya kuzoa taka za hoteli za karantini. Fundi, ambaye sefu ya hoteli ilikuwa haijawahi kumshinda. Na mdogo wake Fundi, mtu mrefu hata wakamwita Twiga. Kazi yake ilikuwa macho tu. Mtu wa mapokezi alishalainishwa ampe chumba kinachotazamana na cha Sonara.

"Mzigo unatokaje?" Fundi aliuliza.

"Kwenye mfuko mwekundu. Taka za wagonjwa. Nani atathubutu kufungua?"

Twiga alicheka. "Hata mimi sifungui, na mzigo ni wangu!"

Kocha hakucheka. Aliwagawia simu ndogo za batani. "Humo kuna namba moja tu, yangu. Hakuna kupigiana. Kila neno linapita kwangu."

"Hata mimi na ndugu yangu?" Fundi aliuliza.

"Kule huna ndugu. Paspoti zenu ni za watu wawili wasiojuana."

Fundi ndiye aliyemleta Twiga katika dili hili. Nyumbani waliaga kwamba wamepata mkataba wa kufunga vyumba vya baridi. Mama yao aliwasindikiza hadi getini, akamshika Fundi mkono, akasema neno moja tu: "Mdogo wako nimekukabidhi." Fundi aliitikia, akaingia kwenye gari.

SIKU YA SABA. SAA 7:15 MCHANA.

Chumba kilikuwa hatua tisa kwa sita. Fundi alishazihesabu mpaka akachoka. Dirisha halifunguki. Chakula kikaja kwenye kiti, wali wa baridi na maji ya chupa. Alipofungua mlango kuchukua sahani alisikia kikohozi, milango miwili kutoka kwake. Kikohozi kizito, cha kifuani.

Alikijua. Alilala kitanda kimoja na kikohozi kile utoto wake wote.

Akapiga simu. "Kocha, huyo ni Twiga?"

"Mafua. Anadeka."

"Joto je? Si wanampima asubuhi na jioni?"

"Wanampima, na yuko sawa. Ungekuwa na akili ungelala."

Fundi alilala. Hapo ndipo alipokosea, wala hakuna kosa lingine kubwa kuliko hilo katika habari hii. Hakujua kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Twiga alimlilia Kocha amwite daktari. Kocha alimjibu kwamba mgonjwa mmoja akipatikana, ghorofa nzima inafungwa na watu wanapimiwa vyumbani, na Sonara hatatoka tena. "Meza vidonge vya homa nilivyokupa, usikose nusu saa kabla hawajaja. Joto litashuka. Siku tano tu, jikaze. Kaka yako amekubali."

Kaka yake hakuwa ameulizwa.

SIKU YA KUMI NA MBILI. SAA 4:03 ASUBUHI.

Simu ilitetemeka. *Katoka.*

Fundi alishavaa. Nguo nyeupe ya plastiki toka utosini hadi miguuni, barakoa, miwani mikubwa. Walizileta kwenye mabegi ya kazi kama nguo za kupigia rangi, na forodha hawakuuliza. Akatoka. Hatua kumi na nne. Mlango wa Sonara ulichukua sekunde ishirini.

SAA 4:06.

Sefu ilikuwa ndani ya kabati. Miwani ilijaa mvuke, akafanya kazi kwa vidole tu. Tik. Mkoba. Mfuko mwekundu. Fundo.

SAA 4:09.

Alitoka kinyumenyume, akavuta mlango. Akageuka.

Mlango wa Twiga ulikuwa wazi. Muuguzi mmoja, aliyevaa nyeupe kama yeye, alikuwa amepiga magoti. Alikuja kumwita Twiga ajiandae kushuka kupimwa, Twiga akafungua mlango, akaanguka hapo hapo. Miguu mirefu ilikuwa nje kwenye zulia la korido.

"Wewe!" muuguzi alipiga kelele. "Acha takataka hizo, njoo ushike miguu!"

Fundi alisimama. Dakika nne na kidogo. Lifti ya mizigo ilikuwa upande wa kushoto, na mlango wake ukafunguka wakati huo huo. Dereva akatoka na toroli lake.

Wakatazamana.

Mfuko ulianguka. Fundi hakukumbuka kuuachia. Alikamata miguu ya mdogo wake, ilikuwa ya moto hata kupitia nguo. Wakambeba hadi kitandani. Dereva aliinama, akauokota mfuko, akautupia kwenye toroli, akarudi kwenye lifti.

"Wewe ni nani?" muuguzi aliuliza ghafla. "Mbona mgongoni huna jina?"

Siku kumi na mbili Fundi aliwachungulia watu hawa kupitia tundu la mlango. Kila mmoja alisimama akimwelekea, mkono mbele na kipima joto. Mgongo hakuuona hata siku moja. Sasa muuguzi alipoinama aliuona: jina lake na wakati alipovaa nguo hiyo, vimeandikwa kwa kalamu nzito. Waliandikana kila asubuhi, maana ndani ya nguo zile hakuna anayemtambua mwenzake.

"Nakuuliza wewe!"

Twiga alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. Midomo imegeuka rangi. Chini ya kitanda maganda ya vidonge yametapakaa kama maganda ya karanga.

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kukimbia.

Akavua miwani. "Sista, huyu ni mdogo wangu. Tumbo moja. Mwokoe."

Muuguzi alimtazama, akatazama maganda. Akaita oksijeni kwa redio ya mkononi. "Amemeza vingapi? Tangu lini? Nisipojua, dawa tutakayompa inaweza kummaliza."

"Sijui. Anayejua yuko chumba cha mwisho."

SAA 4:13.

Aligonga kwa ngumi. "Kocha! Umemlisha nini mdogo wangu?"

Kisha sauti, tulivu kabisa: "Nani mwenzangu? Mimi niko karantini. Siruhusiwi kufungua mlango."

"Kocha, anakufa!"

"Sikujui, bwana. Nitaita walinzi."

Fundi alipiga goti, akatoa waya. Sekunde kumi na mbili. Hakuwahi kufungua mlango kwa haraka hivyo maishani mwake.

Kocha alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni. Kutoka ndani ya simu sauti ya mwanamke ilirudiarudia kwamba namba hiyo haipatikani. Ilikuwa namba ya Dereva.

Fundi alimkamata shingo, akambana ukutani. "Vingapi?"

"Vinne. Kila saa nne..."

"Siku ngapi?"

"Sita. Mwenyewe alikubali!"

"Vinne, kila saa nne, siku sita!" Fundi alipiga kelele mpaka korido nzima ikasikia. Muuguzi akayarudia maneno hayo kwenye redio, neno kwa neno. Walinzi walipofika walimkuta bado amemshika Kocha, wakalazimika kumfungua vidole kimoja kimoja.

Twiga alipitishwa mbele yake juu ya kitanda cha magurudumu, barakoa ya oksijeni usoni. Fundi aliomba aende naye. Wakamwambia haiwezekani, amegusa mgonjwa. Hata polisi walisimama mbali, wakamhoji kwa kupaza sauti.

SIKU YA KWANZA. SAA 9:00 ALASIRI.

Walimhamishia chumba kingine, pingu mkono mmoja, askari nje ya mlango kwenye kile kiti cha chakula. Hesabu ilianza upya, siku kumi na nne, ndipo aende mahabusu. Simu ya mezani ikalia.

"Wewe ndiye kaka wa yule kijana mrefu?" Alikuwa yule muuguzi.

"Ndimi, sista. Ameamka?"

Fundi alimsikia akivuta pumzi.

"Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama."

"Kaa kwanza, kaka yangu," alisema. "Kaa."