Kamba ya Kannon wa Upawa

Asubuhi ile kibanda cha maonyesho kilinuka achari ya figili, na ndani yake hamkuwa na figili hata moja. Kisaburo alizunguka akinusanusa. Aliona mikeka, taa za karatasi, na sanamu yake iliyowavunja mbavu watu wa jiji la Edo: Kannon, mungu wa huruma, mwili wa vikapu, mikono ya samaki wakavu, uso wa upawa.

Ng'ambo ya mto hekalu lilikuwa limeifungua hadharani sanamu ya Kannon wa kweli, ambayo huonyeshwa kwa nadra. Watu wakishamaliza kusujudu kule, huvuka daraja la Ryogoku waje kucheka huku; ndiyo Edo hiyo. Kisaburo naye, ili mzaha ukolee, aliiga hata kamba ya makuhani. Aliifunga mkononi mwa sanamu, akaipitisha hadi kwenye nguzo ya nje, ili kila atakayeishika awe ameungana na mungu.

Mohei, mpiga debe wake, aliingia akijifuta viganja.

"Kaka, ile kamba inavuta."

"Unyevu huo. Mvua ya jana."

"Unyevu gani unamvuta mtu? Nimeishika, ikanivuta taratibu, kama mtu anakuita pembeni."

"Acha kunywa asubuhi, wewe!"

Lakini yeye mwenyewe alikwepa kuutazama ule upawa. Ulikuwa wa marehemu mama yake, Otase, muuza achari, aliyepooza upande mmoja mdomo ukaenda kombo. Mdomo uleule ndio Kisaburo aliouchora kwenye upawa. Kamba nayo aliichana kutoka kwenye mshipi wa marehemu. Na mtazamaji mmoja alipouliza, "Bibi huyu umemtoa wapi?" Kisaburo alijibu, "Ombaomba tu, alifia mlangoni kwetu." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Tangu hapo aibu ilimla kimyakimya.

Adhuhuri, kibanda kikiwa kitupu, alisikia mguu ukiburutwa juu ya mkeka, ukaburutwa tena, na harufu ya achari ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na alipoinua uso akaona maji ya chumvi yakichuruzika kwenye upawa, yakifuata mstari wa ule mdomo aliouchora kwa mkono wake, na mdomo wenyewe ukafunguka upande mmoja tu, kama alivyokuwa akiufungua marehemu.

"Kisa," ukanong'ona. "Umekula?"

Hakuna mwingine aliyewahi kumwita Kisa.

Alimwita mtawa Myoen, bibi anayejulikana kwa kutoa mapepo. Bibi aliigusa kamba, akaurudisha mkono haraka.

"Mzaha mzaha, hutumbuka usaha," alisema kwa sauti ya chini. "Kamba hii ni mwito, mwanangu. Umeifunga kwenye sanamu tupu, tena kwa mshipi wa maiti. Ulidhani ataitika nani?"

"Ikate basi, bibi, nakuomba!"

"Nikiikata atabaki humo. Ulimkana mbele za watu, mkiri mbele za watu. Wakiamini kwamba ni mama yako, ataondoka."

Kibanda kilipojaa, Kisaburo alisimama mbele ya sanamu.

"Huyu si ombaomba!" alilia. "Ni Otase, mama yangu mzazi! Kanilea kwa achari, nami nikauonea haya mdomo wake, nikamgeuza kichekesho! Mama, nisamehe!"

Akaanguka kifudifudi, akilia kwa kwikwi. Kisha mtu mmoja akashindwa kujizuia, na kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko.

"Mwana wa upawa huyo!"

"Tazama kamasi! Anajua kulia huyu!"

Mohei alikuwa akijipangusa machozi ya kicheko. "Kaka, hii kali! Kesho irudie vilevile!"

"Ni kweli!" Kisaburo alipiga kelele. "Jamani, ni kweli!" Wakazidi kucheka. Karibu na mlango, Myoen aliinamisha kichwa, akatoka.

Kisaburo alitaka kuinuka, akashindwa. Kamba ilikuwa imemzunguka kifundo cha mkono, wala yeye hakuwa ameishika. Ikamvuta polepole mpaka uso wake ukafika kwenye upawa.

"Usilie, baba," ukasema ule mdomo wa kombo. "Mama haendi popote."