Saa Kumi ya Mama Mkwe

"Nani huyo anayekutumia ujumbe kila saa, halafu unaigeuza simu kifudifudi?"

Sindano aliendelea kukunja sare za shule alizomaliza kushona. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kwa wembamba wake na kwa kupita kwake mahali bila kelele.

"Wateja tu, mume wangu."

"Wateja? Jumbe mia mbili na kumi na nne hujazifungua! Mimi ni fundi simu, bibie, usinifanye mtoto."

"Umeipekua simu yangu?"

"Sijaipekua. Imewaka hapo mezani, nikaona. Kama kuna mwanaume mwingine, sema leo nijue moja. Vinginevyo kesho kila mtu ashike njia yake."

Sindano aliiweka sare chini. Ndipo droo ya kabati ilipoanza kulia.

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

Wote wawili waligeukia saa ya ukutani. Jumamosi, saa kumi kamili alasiri. Ilikuwa simu ya vitufe ya marehemu mama mkwe. Tangu wamzike, miezi minane sasa, ililia kila Jumamosi saa ile ile.

"Si ulisema umeizima?" Sindano alinong'ona.

"Nimeizima. Hizi za zamani, kengele yake hulia hata..."

Fundi hakumaliza. Alitia mkono mfukoni polepole, na alipoutoa, kiganjani mlikuwa na betri.

"Niliitoa asubuhi," alisema. "Kuna mteja anaitaka."

Jua lilikuwa limejaa sebuleni, na nje jirani alikuwa akianika nguo huku akiimba. Hata hivyo Sindano alihisi baridi ikimpanda mgongoni. Alikwenda mwenyewe, akaivuta droo. Kioo kidogo cha simu kiliwaka kijani, na juu yake maneno matano:

MWITE BINTI YANGU. CHAI KWANZA.

Aliyasoma mara mbili. Alijua binti huyo ni yeye. Enzi za uhai wake, kila Jumamosi saa kumi, mama mkwe aliketi na mwanawe kwenye meza ile kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Simu zilifunguliwa, zikasemwa hela zilizoingia na zilizotoka, bila kulaumiana wala kupandishiana sauti. Chai ikiisha, kikao kimeisha. Na kila Jumamosi mama alimwita, "Mwanangu, njoo, kikombe chako hiki!" Naye alijibu kutoka kwenye cherehani, "Nina oda, mama." Kile kikombe cha tatu kilipoa peke yake.

Sindano aliisukuma simu yake mbele ya mumewe.

"Hakuna mwanaume. Fungua."

Fundi alifungua ujumbe wa kwanza, wa pili, wa kumi. Umepokea. Umelipa kwa muuza vifungo. Salio lako.

"Ni hela tu? Hela zako mwenyewe?"

"Siwezi kuzisoma. Kwetu baba alisoma matumizi kwa sauti kila mwisho wa mwezi, na akimaliza, vyombo vimevunjika. Hadi leo ujumbe ukiingia, nasikia sahani."

Fundi aliilaza simu mezani. Kisha akajikuna kichwa.

"Yaani nimekosa usingizi wiki mbili nikidhani una bwana, kumbe unamkimbia muuza vifungo!"

Sindano alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo.

"Nisamehe, Fundi. Niliogopa."

"Nisamehe wewe. Nilipaswa kuuliza, nikakimbilia kutishia."

Fundi alikwenda kubandika birika. Lilipogusa jiko, droo ilinyamaza.

Walisoma jumbe kumi na nne, chai ikaisha, wakaacha hapo hapo. Jitu alilolikimbia Sindano miaka yote lilikuwa hili: mteja mmoja hajalipa sare sita, na uzi aliulipia mara mbili.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu, mke wangu. Hela ya uzi tutarudishiwa, mteja tutamkumbusha."

Hakuna sahani iliyovunjika.

Jumamosi iliyofuata, kabla saa kumi haijafika, Sindano alifunika cherehani.

"Fundi! Njoo, chai inapoa!"

Aliweka vikombe vitatu. Akaitoa ile simu ya vitufe kwenye droo, akailaza kando ya kikombe cha tatu.

"Mama," alisema kwa aibu, "leo tumeanza wenyewe."

Akaichukua simu yake na kusoma kwa sauti yake mwenyewe, ikitetemeka kidogo, "Umepokea..."

Kioo cha simu ya mama kiliwaka mara moja, taratibu, kikazimika.

Walitazamana. Betri ile Fundi aliiuza Jumatatu.

"Endelea, mke wangu," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

Sindano alisogeza sukari karibu na kikombe cha tatu, akaendelea kusoma.