Fundi Asiyeamini Safari ya Mwezini

Jumamosi ile Darajani palikuwa hapapitiki. Zilibaki wiki tatu kufika Ramadhani, lakini watu walinunua tende na vyungu utadhani wanafunga kesho. Nadra alijipenyeza baina ya makapu na mabega, simu yake iliyopasuka kioo ameikumbatia kifuani, mpaka akakifikia kibanda cha fundi alichoelekezwa. Alivaa buibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi na mtandio wa zambarau, na alinukia udi kwa mbali, kama mwanamke aliyejipamba kwa ajili ya mtu.

Hakuwa na mtu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mwalimu wa fizikia katika skuli moja ya wasichana. Ndoa yake ilivunjika miaka minne nyuma, mama yake alifariki miaka miwili baadaye, na ziko siku ambazo tangu Ijumaa mchana mpaka Jumatatu asubuhi hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Fundi aliitwa Pandu, mwanamme mrefu wa Makunduchi, shati limekunjamana hadi kwenye kola, miwani ya kukuzia imepandishwa juu ya paji la uso. Alikuwa akimwonesha jirani yake Usi, muuza makava ya simu, video ya wale Wamarekani waliovaa mavazi meupe na kurukaruka mwezini.

"Itazame bendera hiyo," alisema Pandu. "Inacheza. Upepo wa wapi kule? Watu hawa hawakwenda popote. Walikaa studio wakaturusha roho."

Nadra hakuweza kujizuia. "Haipepei. Imetikiswa na huyo aliyeichomeka, na kule hakuna hewa ya kuituliza."

Pandu aliinua macho. Alimtazama kwa utulivu, kama mtu aliyeletewa simu ya aina asiyoijua. "Bibie ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Wewe ulikuwepo huko studio?"

Usi aliangua kicheko mpaka makava yakamponyoka. Pandu naye akatabasamu, akanyoosha mkono kupokea ile simu. "Njoo alasiri, itakuwa tayari. Lakini uje na jibu la nyota. Picha zote hizi, anga jeusi tititi, na nyota hata moja haimo. Zimekwenda wapi?"

Alasiri Nadra alirudi na jibu: kamera iliyopangwa kwa ajili ya ardhi inayong'ara kwa jua haiwezi kushika nyota hafifu, naye kama anabisha, akapige picha chini ya taa za Forodhani aone atapata nyota ngapi. Alieleza kwa mikono yote miwili. Pandu alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeeleza vizuri sana," alisema. "Siamini, lakini umeeleza vizuri."

"Ebo! Nimepoteza mate yangu bure."

"Hayakupotea. Nikikupigia kesho kuuliza kama kioo kinakaa sawasawa, utapokea?"

Nadra alijifunga mtandio upya, ingawa haukuwa umelegea. "Ukiuliza kioo tu, ntapokea."

Pandu alipiga kesho yake, na keshokutwa, na kila siku baada ya sala ya alasiri.

"Mwalimu, kioo kinakaaje?"

"Kama jana."

"Na mwenye kioo?"

"Kama jana vilevile. Peke yake."

"Basi mwambie mwenye kioo avae ule mtandio wa zambarau, nampitia twende tukale urojo."

Walikula urojo, wakatembea Shangani mpaka Forodhani, hatua moja baina yao kwa ajili ya macho ya watu. Pandu alipiga picha chini ya taa, akaikuza, akaigeuza, akaitafuta nyota. "Hii simu mbovu," alisema, na Nadra akacheka hadi akashika ukuta. Nyumba yake ya juu Mkunazini, yenye vyumba vitatu na kitanda kimoja kilichotandikwa, alianza kuirudia bila ya kuwasha redio kwanza. Zamani aliiwasha hata kabla ya kuvua viatu, apate sauti ya mtu.

Kitu kimoja hakukielewa. Pandu hakuwa mjinga. Alifungua simu ya aina yoyote akaisoma kama kitabu, na hoja ikimshinda alikubali kuwa imemshinda. Lakini kila Nadra alipodhani keshamfikisha, alirudi palepale: walidanganya.

"Watu laki nne walifanya kazi ile, Pandu. Laki nne! Nani anaweza kuwafunga midomo wote?"

"Inawezekana," alisema Pandu, akabadilisha mazungumzo.

Jumatano moja ya joto, kidato cha tatu kilikuwa kinasinzia mbele yake. Somo lilikuwa mvutano wa dunia. Ili kuwaamsha, Nadra aliwaambia kuhusu fundi mmoja wa Darajani asiyeamini kwamba binadamu amekanyaga mwezini. Wasichana waliinua vichwa. Akaona raha ya kusikilizwa. Akapandisha miwani yake ya kusomea juu ya paji la uso, akalainisha maneno kwa ile lafudhi ya Makunduchi, akasema, "Bendera inacheza hiyo! Upepo wa wapi?" Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Akairudia.

Alhamisi mchana wasichana sita wenye sare walisimama mbele ya kibanda cha Pandu. "Wewe ndiye fundi wa mwezi?" aliuliza mmoja, simu imeinuliwa inarekodi. "Hebu tuambie, upepo wa wapi?" Na alipofungua mdomo, kwa heshima, kutaka kuwajibu, mwengine akamwigiza kabla hajamaliza neno, miwani, lafudhi na vyote. Usi alikuwepo. Wateja walikuwepo. Kufika magharibi ile video ilikuwa imezunguka mji.

Pandu alipiga simu siku ileile. Hakumwita mwalimu.

"Nadra. Yule mtoto ameniigiza vizuri. Kajifunza kwa nani?"

Nadra alikaa chini, kwenye ngazi, kapu la sokoni bado mkononi. "Pandu, ilikuwa mzaha darasani. Sikujua kama watakuja..."

"Mimi nlidhani tunabishana sisi wawili. Kumbe ulikuwa unakusanya vichekesho."

"Wallahi siyo hivyo."

"Kioo chako kinakaa vizuri?"

"Pandu..."

"Basi. Kazi yangu imekwisha." Akakata.

Asubuhi yake Nadra alisimama mbele ya darasa lile lile na kuwaambia wasichana kwamba kosa lilikuwa lake, si lao. Kwamba kamcheka mtu aliyemwamini, na kwamba hiyo si elimu. Wasichana wawili walilia. Video ilifutwa kwenye simu zao, lakini huko kwengine ilikwisha kwenda. Pandu hakupokea simu. Ujumbe wa Nadra ulifika, ukasomwa, haukujibiwa.

Ramadhani iliingia na skuli zikafungwa. Nadra alipika uji wa mtama na muhogo wa nazi, akatandika mkeka kwa mkono wake, akangoja adhana. Sauti za majirani zilipanda kwenye ua wa ndani: vijiko, watoto, mtu akimwambia mwenzake aongeze sukari. Alikula tende moja, akaona hawezi kuendelea. Sufuria alilopika lilimtosha siku tatu. Redio aliiwasha tena.

Siku ya kumi na mbili ya mfungo alikwenda Darajani. Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa ubao.

"Yuko kwao," alisema Usi bila ya kumtazama usoni. "Watu walikuwa wakipita wanampigia kelele za bendera. Kachoka. Na wewe, dada yangu, usikasirike nikikwambia: sijawahi kumwona Pandu akipiga pasi shati kabla ya kukujua."

Nadra alifika Makunduchi alasiri ya siku ile ile. Nyumba aliyooneshwa ilikuwa na mwani umeanikwa mbele kwenye makuti, na mwanamke mwembamba mwenye kanga mbili akiugeuza kwa mikono.

"Shikamoo, mama. Naitwa Nadra. Namtafuta Pandu."

"Marahaba." Bi Mwanamkasi, mama yake Pandu, alimkagua tangu viatu vyake vya mjini mpaka machoni. "Wewe ndiye mwalimu. Kaa. Huwezi kuja mbali hivi ukarudi bila ya kufuturu."

Pandu alitoka ndani, akamwona, akasimama. Hakuwa na miwani, na ndevu zilikuwa zimeanza kumjaa. Walikaa nyuma ya nyumba, kwenye vigoda viwili, mama yake yuko upande wa pili na vyungu vyake, hasikii maneno yao.

"Sikuja kukushawishi kitu," alisema Nadra. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuigiza mbele ya watoto kwa sababu walinichekea kwa furaha, na mimi sijachekewa kwa furaha siku nyingi. Hiyo ndiyo sababu, na ni mbaya."

Pandu alichukua kijiti, akachora mchangani, akafuta.

"Uliniuliza nani anaweza kuwafunga midomo watu laki nne," alisema. "Baba yangu aliondoka kwenda Maskati nikiwa na miaka minane. Kila baada ya miezi mitatu ikaja barua yake. Mjomba wangu Abdulwahid alinisomea hapa hapa. 'Mwanangu Pandu, joto la huku kali, sikiliza mama yako, soma.' Nlizihifadhi zote. Skuli nlijivuna: baba yangu ananiandikia. Nlipokuwa na miaka kumi na mitano, mjomba alinituma kalamu sandukuni mwake. Nikakuta barua imeandikwa nusu. 'Mwanangu Pandu.' Wino haujakauka."

Nadra alifunika mdomo.

"Baba alikuwa kamwacha mama toka mwaka wa kwanza. Kaoa huko, hakuandika hata mstari. Mama hakutaka nivunjike moyo. Na wote walijua, Nadra. Mwalimu wangu, muuza duka, watoto nliocheza nao. Miaka saba kijiji kizima kilinyamaza kwa ajili yangu. Kwa mapenzi. Kwa hiyo mtu akiniambia uongo mkubwa hauwezi kufichika, mimi namwangalia tu."

Upande wa pili Bi Mwanamkasi alikuwa akikuna nazi. Nadra alisogeza kigoda chake karibu. "Nlikuwa nakujibu swali ambalo hukuniuliza," alisema.

"Umeeleza vizuri lakini," alisema Pandu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea.

Walifuturu watatu, mkeka mmoja: pweza wa nazi, ndizi na mikate ya kumimina. Bi Mwanamkasi alimsukumia Nadra vipande vizuri bila ya kusema. Nadra alikula mpaka akaona haya. Wakati wa kuondoka Pandu alimsindikiza hadi barabarani, akasema, "Nipe muda," basi. Hakuahidi simu.

Simu haikuja wiki ya kwanza. Wala ya pili.

Siku ya ishirini na tisa mji mzima ulipanda juu ya mapaa kuutafuta mwezi wa Idi. Nadra naye alipanda. Mawingu yalikuwa yameziba upande wote wa magharibi, na watu wakaanza kushuka, wengine wakisema kesho bado ni kufunga. Simu iliita mkononi mwake.

"Mwalimu. Umeuona?"

Alikaa juu ya ukingo wa paa. "Sijauona. Mawingu matupu."

"Miye nimeuona, huku Makunduchi. Baina ya minazi miwili, mwembamba kama ukucha, ukakaa kidogo ukazama. Nimepiga picha, haikutoka kitu. Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Hivi hivi tu? Bila ya ushahidi?"

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Lakini hakuna mtu aliyetembea juu yake."

"Wametembea, habibi. Tutabishana mpaka tuzeeke."

"Hilo ndilo lililonifanya nipige. Nnataka kubishana nawe nyumba moja. Nimezungumza na mama. Mjomba Abdulwahid atakuja na barua ya posa."

"Mjomba wa barua zile?"

"Huyo huyo. Nimekaa naye juzi, tumelia wote wawili. Sasa niambie, aende kwa nani? Nani wako?"

Swali lile lilimkuta hakujiandaa. Baba hayupo, mama hayupo. Alibaki kaka yake mmoja, Himid, aliyehamia Tanga. Alipoachana na mumewe, Himid alimwambia arudi akavumilie, naye akamjibu maneno ambayo dada hamwambii kaka. Waliketi matanga ya mama yao chumba kimoja bila ya kusemezana, na tangu hapo hawajasemezana.

"Nadra? Upo?"

"Nipo. Yuko kaka yangu. Nipe mpaka kesho."

Alibaki juu ya paa peke yake. Chini vichochoroni watu walikuwa wakipigiana kelele, Idi, Idi, mwezi umeonekana. Aliitafuta namba ya Himid, akaitazama muda mrefu, akaibonyeza. Iliita mara tano.

"Naam," ilisema sauti nzito, sauti ya baba yao.

"Kaka, shikamoo. Nadra huyu."

"Marahaba," alisema Himid. "Nadra, leo umefuturu na nani?"

"Peke yangu, kaka," alisema, na hapo ndipo alipolia.