Operesheni Sikio Chafu

Ganda la yai lilikuwa limekaa juu ya nyusi yake ya kushoto, lakini jasusi hakulitoa.

Jasusi wa kweli hajikuni akiwa kazini.

Alikuwa amejikunyata ndani ya pipa la taka nyuma ya nyumba ya ghorofa moja, pamoja na maganda ya viazi, nepi moja iliyokwisha kutumika, na kitu cha kijani alichokuwa ameapa kutokichunguza. Kazini walimwita Pua. Majasusi wengine walisifika kwa shabaha. Yeye alisifika kwa kunusa uovu kutoka mbali, na kwa kuchukia uchafu kuliko alivyowachukia maadui wa taifa.

Ndiyo maana Mkuu alimpangia pipa. Mkuu alikuwa na ucheshi wa aina hiyo.

Simu ilitetemeka mfukoni.

"Pua."

"Naam, Mkuu."

"Sabuni imekwisha."

Hiyo ndiyo iliyokuwa amri. Maana yake: ingia.

"Naingia kama nani?"

"Fundi. Kidani amepiga simu dukani, kishikwambi chake hakitoi sauti, na leo hii lazima aongee na yule mnunuzi wake wa nje. Fundi mwenyewe tumemzuia njiani. Yuko hapa ofisini anamaliza soda zetu."

"Na mzigo uko wapi?"

"Tungejua, ungekuwa ndani ya pipa? Tumepekua maghala yote ya mji. Hamna kitu. Wakishaongea, mzigo unaondoka, na kesho uko vinywani mwa watoto. Bandika kinasa sauti, tengeneza hicho kidude, toka. Na Pua?"

"Naam."

"Jifute. Harufu yako inapita kwenye simu."

Huyu Kidani alikuwa tajiri wa dawa za watoto. Alinunua dawa ya kikohozi iliyokwisha muda wake, akafuta tarehe kwa spiriti, akapiga muhuri wa tarehe mpya, akaiuza. Mtu wa namna hiyo, hata jehanamu wangempokea kwa koleo.

Pua aliweka sawa saa yake ya Casio, akapiga hodi.

Mlango ulifunguliwa na mlinzi aliyeitwa Kontena. Hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, na kila alichokipata alikitazama kwanza kabla ya kukirudisha.

"Simu kwenye ndoo," alisema Kontena.

Simu ikaingia kwenye ndoo.

"Fundi, mbona unanuka?"

"Nimetoka kutengeneza simu iliyotumbukia chooni."

"Ah. Pole, kaka."

Mkoba wake ulikaguliwa: bisibisi, mswaki mpya, chupa ya spiriti ya kupuliza. Kilichokuwa chini ya ukucha wa dole gumba hakikukaguliwa. Hicho kilikuwa kinasa sauti chenye ukubwa wa punje ya mchele, chenye uwezo wa kunasa mnong'ono na kuurusha hadi makao makuu. Kilikuwa kimoja tu.

Kidani alikuwa sebuleni, amevaa singlendi na mkufu mnene wa dhahabu, miguu yake miwili ndani ya beseni la maji ya moto. Juu ya maji hayo palielea utando. Pembeni, mezani, meno yake ya bandia yalikuwa yamelowekwa kwenye glasi.

Pua alimeza mate. Akajuta kuyameza.

"Wewe ndiye fundi? Shika. Tangu asubuhi ni bubu."

Kishikwambi kilitua mikononi mwake kikateleza kama samaki. Kioo kilikuwa na mafuta ya kuku wa vizazi vitatu. Pua alikigeuza kutazama matundu ya spika.

Yalikuwa yamezibwa na kitu cha kahawia, laini, chenye kung'aa.

Nta ya sikio.

"Bosi," alisema Pua kwa sauti ndogo, "hiki huwa unakiweka sikioni?"

"Sasa nitasikiaje? Kwani simu inawekwa wapi?"

Kwenye kioo, mnunuzi alikuwa tayari hewani. Alikuwa mwanaume mwekundu wa uso, taulo la hoteli shingoni, jina la hoteli limetariziwa kwa uzi wa bluu. Alikuwa anakata kucha za miguu. Moja iliruka ikagonga kamera yake, ikabaki hapohapo. Kwa kuwa hawakusikiana, yeye na Kidani walikuwa wakiandikiana kwa kalamu nene kwenye karatasi na kuonyeshana, kama watoto waliopewa adhabu ya kunyamaza.

Pua alianza kazi.

Kitufe cha sauti: kimepandishwa. Hali ya kimya: imezimwa. Ruhusa ya kipaza sauti kwenye programu: ipo. Alichukua mswaki, akafumba jicho moja, akasugua matundu. Nta ilitoka kwa vipande. Hakuna serikali iliyowahi kumlipa mtu mshahara wa kutosha kwa jambo lile.

Bado kimya.

Alizima, akawasha, simu ikaunganishwa tena. Kimya.

Basi angalau kinasa sauti. Alikibonyeza taratibu mgongoni mwa kishikwambi. Mafuta ya kuku yakakikataa. Kikateleza, kikadunda mezani, kikaingia kwenye glasi ya meno.

Pua aliganda.

Kidani alinyoosha mkono, akatoa meno yake, akayapachika. Kisha akainua glasi, akasukutua kwa yale maji.

Akameza.

Jasusi aliyewahi kutembea juu ya kioo kilichovunjika bila kusema lolote alishika ukingo wa meza.

"Unaumwa?" aliuliza Kontena.

"Joto tu."

Mnunuzi aliinua karatasi nyingine. SIKUSIKII WEWE. NASIKIA MTOTO ANAKOHOA.

Na sekunde ileile, nyuma ya ukuta, mtoto akakohoa.

Pua alinyanyua kichwa. "Bosi, huyo nani?"

"Mwanangu. Yuko na bibi yake chumba cha pili. Kifua kinambana. Fanya kazi."

"Na huko chumbani kuna redio?"

"Ya Mama. Nilimnunulia mimi, mpya, haina waya. Jana nilimwekea nyimbo zake kwa hikihiki. Unanihoji au unatengeneza?"

 Pua alifungua mipangilio. Bluetooth ilikuwa wazi, na chini yake pameandikwa: *Imeunganishwa. REDIO YA MAMA.*

Kumbe kishikwambi hakikuwa bubu. Kilikuwa kinaongelea chumba cha pili, na kusikilizia hukohuko.

Fundi yeyote angegusa mara moja, akatenganisha, sauti ikarudi sebuleni. Kisha Kontena angemsindikiza nje kwa ukosi, wawili hawa wangeongea, na makao makuu wasingesikia neno hata moja. Kidole cha Pua kilisimama juu ya kioo.

Kikahama.

Kikapandisha sauti hadi mwisho, ipenye ukuta.

Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, akamwonyesha mnunuzi: SAUTI IMERUDI. ONGEA KWA NGUVU.

"Mbona mimi sisikii?" alifoka Kidani.

"Inapakia, bosi."

Ukuta ukanguruma.

"HATIMAYE! Sikiliza, lofa wewe. Lori langu liko njiani. Ile dawa ya watoto iliyooza tangu mwaka juzi, umebadilisha tarehe boksi zote? Au bado umezirundika chumbani kwa mama yako?"

 Njiti ilidondoka mdomoni mwa Kontena.

"Bosi," alinong'ona, "kuna mwanaume chumbani kwa Mama."

Kidani alichomoa bastola chini ya mto, akainuka, miguu ikichuruzika maji, akaielekeza mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitenge, mtoto wa miaka mitatu amembana kiunoni, kijiko mkono wa pili.

Kijiko kilikuwa kimejaa.

"Unamnyooshea nani hiyo?" aliuliza.

Bastola ilishuka yenyewe. Pua aliipokea kwa vidole viwili. Mpini ulikuwa na mafuta ya kuku.

"Na wewe, jitu zima. Kaa chini."

Kontena akakaa chini.

"Mwanangu. Kuna mtu kwenye redio yangu anasema dawa hii imeoza. Boksi ulizonijazia chumbani mpaka nalala kwa ubavu, ukasema ni msaada wa yatima. Nimesema huyo mtu ni mwongo." Alimsogezea kijiko mdomoni. "Mwonyeshe. Kunywa."

"Mama, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Kunywa."

Mtoto alikohoa, akanyoosha kamkono kukifuata kijiko. Bibi akakiinua juu zaidi. Hakuondoa macho kwa mwanawe.

Kidani alikitazama kijiko. Akamtazama mtoto. 

"Usimpe," alisema. "Imeoza, Mama."

Yule mama alikigeuza kijiko polepole. Dawa ikamwagika ndani ya beseni, juu ya utando. 

Kidani alikimbia.

Mguu wake wa kwanza uliingia kwenye beseni. Wa pili haukufika popote. Alipojaribu kuinuka, Pua alikuwa tayari amemfunga mikono kwa waya wa chaji, na anajipulizia spiriti hadi viwikoni.

Alichukua simu yake kwenye ndoo, akampigia Mkuu.

"Mkuu. Sabuni imepatikana. Chumba cha mama yake, mpaka darini. Lori liko njiani, lisubirini hapahapa. Mnunuzi yuko hotelini, jina nakutumia, liko kwenye taulo lake."

"Safi. Lakini kinasa sauti chako kina shida gani? Hapa tunasikia ngurumo na mapovu tu."

"Mmeunganishwa na tumbo la Kidani, Mkuu."



"Hicho kinasa usituletee tena," alisema Mkuu.

Pua alipita chumba cha pili kuhakikisha. Boksi zilikuwa zimemeza madirisha. Kitandani palibaki upana wa mtu mmoja mwembamba, na juu ya mto redio ndogo nyekundu ilikuwa bado inapiga kelele.

"Halo? Halo? Jamani, mnanisikia?"

Pua aliinama.

"Tunakusikia vizuri sana," alisema. "Kaa hapohapo."

Akatoka nje bila haraka. Alipolipita lile pipa alitupa mswaki ndani. Akafikiri kidogo, akavua na koti, akalitupa pia, na ndipo alipolitoa ganda la yai kwenye nyusi.