Miguu Myekundu ya Banda la Nailoni

Kwa kuujua upepo, ndugu zangu, mtaani hapa hakuna anayenifikia. Nikinusa tu asubuhi, nawaambia kama utavuma au utalala. Juzi nilisema utalala, na shuka langu mpaka leo tunalitafuta. Basi nisikilizeni hata hivyo, maana kuna nyumba iliyopoteza zaidi ya shuka.

Jioni moja tulivu Mama Pacha alikuwa amekaa kizingitini akichambua mbegu za nyanya, watoto wake wakifukuzana uani. Nyumba yao iko juu kabisa, pale ambapo upepo hubisha hodi kwanza kabla ya kuja kwetu. Mara mbili alikuwa amepanda miche, na mara mbili upepo umeilaza chini kama nywele zilizopakwa mafuta. Mumewe alikuwa kando yake, ameegemea ukuta. Huyu mtaa mzima humwita Bwana Tayari, kwa kuwa ukimuuliza kazi yoyote, jibu lake ni hilo moja. Paa umeziba? Tayari. Ikinyesha, mnakula chini ya mwavuli.

"Nauza cherehani," Mama Pacha akasema. "Ninunue banda la nailoni, nyanya zikue ndani upepo usizifikie."

"Cherehani si ndiyo inatulisha?"

"Inatulisha nini, Baba Pacha? Tangu nguo za mitumba zijae sokoni, nashona viraka vya humu ndani tu. Banda lisiposimama, mimi sina kingine cha kuuza. Unanisikia? Sina."

Dukani Bwana Tayari alikwenda moja kwa moja kwenye banda refu, pana, kama ukumbi wa harusi. "Hili! Wapita njia watauliza ni la nani."

"Na upepo nao utauliza," akajibu muuzaji, mama mnene mwenye kalamu sikioni. Akawaonyesha lingine, fupi, mabomba yake mazito na matao yamekaribiana. "Kwa mahali penu, chukueni hili. Upande mwembamba uelekee upepo unakotoka, mlango uwe nyuma. Kingo za nailoni zifukiwe kwenye mtaro. Na hii rangi nyekundu miguuni mwa mabomba, yote iingie ardhini. Mkiiacha nje, hamjajenga banda, mmetengeneza tiara ya kurushwa angani."

Mama Pacha akachagua lile fupi. Mtaro aliuchimba mwenyewe, mgongo ukalia. Mashimo ya mabomba akamwachia mumewe, maana siku hiyo watoto walikuwa na kikohozi akawapeleka zahanati. Aliporudi, matao yamesimama, udongo umeshindiliwa.

"Tayari!" mume akasema.

"Nyekundu yote?"

"Nyekundu yote imelala chini, mke wangu. Hata mchwa wanaishangaa."

Mama Pacha akaitazama mikono ya mumewe. Haikuwa na lengelenge hata moja. Lakini mwanamke aliyeuza cherehani yake hapendi kuona mikono laini. Akanyamaza, wakavuta nailoni.

Miche ikashika. Ikachanua. Nyanya zikaanza kutoka, kijani, ngumu, kila moja Mama Pacha ameshaipangia kazi: hii chumvi, hii viatu vya Pacha Mdogo. Alikuwa akiingia mle kuzitazama hata kama hakuna kazi, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

Kisha adhuhuri moja upepo ukaja. Si ule wa kupeperusha vumbi, ule wa kung'oa. Banda likavimba, likaguna, na mguu wa tao la kwanza ukachomoka ardhini mbele ya macho yake.

"Baba Pacha! Baba Pachaaa!" Baba Pacha hayupo. Akalikumbatia bomba kwa mwili mzima. Akajifunga nalo kwa khanga. Mguu wa pili ukatoka, na wa tatu. Watoto wakakimbilia kukalia ukingo wa nailoni wamsaidie mama yao, wepesi kama vikapu vitupu.

"Tokeni hapo! Nasema tokeni!"

Pacha Mkubwa akatoka. Pacha Mdogo alikuwa ameshika kwa mikono miwili, na nailoni ikapanda naye. Mama Pacha akafungua fundo la khanga, akaliacha bomba, akamdaka mtoto mguu. Wakaanguka wote wawili juu ya matuta. Banda likaenda zake, likipiga miche yote usoni lilipopita. Nyanya changa zikabaki zimetawanyika kama kokoto.

Mtoto alikuwa mzima. Mama hakulia. Aliokota bomba moja lililobaki, akalitazama mguu. Nyekundu ilikuwa upana wa kidole tu. Sehemu nyingine yote ilikuwa imekatwa kwa msumeno, safi kabisa.

Akateremka nalo hadi kwa kinyozi, ambako upepo haufiki na mumewe hakosekani. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Nilizika mpaka kiunoni!" Bwana Tayari alikuwa akiwaambia watu. "Nyekundu yote! Upepo wa leo ungeng'oa hata mnara."

"Simama, Baba Pacha."

"Eh, mke wangu! Pole. Nilikuwa nakuja sasa hivi."

"Simama nione ulichokalia."

Kinyozi akazima mashine. Mteja akabaki na nusu ya kichwa. Bwana Tayari akasimama polepole, na Mama Pacha akapiga magoti, akaliunganisha bomba lake na mguu wa benchi jipya alilokuwa amekalia mumewe. Vikakutana kama kikombe na mfuniko. Miguu yote ya benchi ilikuwa myekundu.

"Kulikuwa na mwamba mashimoni," mume akanong'ona.

"Ungesema mwamba, tungehama hatua chache. Neno moja tu, Baba Pacha."

FUNZO

Wenzangu, banda la mahali pa upepo haliponzwi na upepo, linaponzwa na kilichofichwa chini yake. Kazi inayofukiwa ndiyo ya kukaguliwa kabla haijafukiwa. Ukishindwa, sema umeshindwa. Aibu ya siku moja haimlazi mtu na njaa. Na wewe unayeona mikono laini ukanyamaza, funzo hili ni lako pia.

Haya yote nilimsomea Bwana Tayari pale kwa kinyozi kabla sijayaleta kwenu. Akaapa kwamba siye yeye, ni mtu mwingine kabisa, na kwamba yeye benchi la kinyozi hajawahi kulikalia. Kinyozi akakohoa. Nikamkaribisha Bwana Tayari akae basi kwenye benchi. Akasema ahsante bibi, miguu inamuuma, atasimama tu.